Sili za Pampu: Pete Ndogo Yenye Kazi Kubwa



Kila msimu wa kuotesha miche malalamiko huwa yale yale: pampu imenunuliwa kwa fedha nyingi, na kabla miche haijatoka kitaluni imekwisha kulegea, haivuti wala haisukumi. Wengi hulaumu injini. Lakini mara nyingi injini haina kosa. Kilichokufa ni sili, yaani ile pete ya mpira au plastiki izuiayo maji yasipenye baina ya pistoni na silinda. Basi yafaa tujue pete hiyo hufanywa kwa kitu gani, na kwa nini moja hudumu na nyingine hufa upesi.

Tuwatazame kwanza wakulima wenzetu, wale wa pamba wa Maswa. Wilaya hiyo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu, na kabla yake ilikuwa ya Shinyanga. Huko mito hukauka wakati wa kiangazi, na watu huchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji. Katika miaka ya 1974 hadi 1978 Mkoa wa Shinyanga ulichimbiwa visima vifupi kwa msaada wa Uholanzi, na pampu ya mkono iliyotumiwa ikapewa jina la mkoa huo. Katika nchi kama hiyo adui wa pampu ni mchanga. Pampu za zamani zilifungwa kikombe cha ngozi. Chembe za mchanga hujichoma katika ngozi, nayo ikawa kama msasa unaoila silinda. Na kisima kikikauka, ngozi nayo hukauka na kukakamaa.

Jambo hilo lilitafutiwa dawa hapa hapa pwani. Huko Kwale, Kenya, tangu mwaka 1983 zilijaribiwa pampu za mkono vijijini, na kutokana na majaribio hayo na yale ya Malawi ikapatikana pampu iitwayo Afridev. Sili yake ni ya mpira wa nitraili, na bushi za mkono wake ni za plastiki ngumu, moja ya nailoni na moja ya poliasetali. Akina mama wa kijiji huweza kuifungua kwa spana moja na kubadilisha sili wenyewe. Faida kubwa ni hiyo: sili huchakaa, lakini kijiji hakimngojei fundi wa mjini.

Sasa tutazame nguvu ya msukumo. Kila mita 10 za kina cha maji huongeza uzito wa kilo 1 hivi juu ya kila sentimita mraba. Kisima cha mita 45 basi ni kilo 4 na nusu. Lakini mashine ya kuoshea magari yaweza kufika kilo 100 na zaidi. Kwa nguvu hiyo mpira laini husukumwa ukapenya katika upenyo mdogo na kukatika. Ndipo hutumika plastiki kama Teflon, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1938, ambayo huteleza mno. Hata hivyo Teflon tupu huchakaa upesi na hubadilika umbo polepole kwa kubanwa, kwa hiyo huchanganywa na unga wa kioo, kaboni au shaba nyeusi. Ni kama chokaa ya ukutani: peke yake hupasuka, ikitiwa mchanga husimama. Penye maji ya mchanga, poliyurethini nayo husifiwa kwa kustahimili kusuguliwa.

Kwetu sisi liko jambo jingine. Mafuta ya karafuu, kama yale yanayokamuliwa kwa makonyo huko Wawi, Pemba, hulainisha na kuvimbisha mpira wa nitraili na kuharibu plastiki nyingi. Pampu ya kusukuma mafuta hayo yataka sili ya Teflon, si ile ya maji. Na sili ya mpira wa asili nayo isipakwe grisi ya gari, kwani huvimba.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, muulize mwuzaji maswali matatu: sili ni ya kitu gani, itagusana na nini, na ya akiba inapatikana wapi? Asiyeweza kujibu, mwache na pampu yake. Nunua sili mbili za akiba siku ile ile. Weka chujio kwenye mdomo wa bomba la kuvutia, wala usiiwashe pampu bila maji, kwani maji ndiyo yanayoipoza sili na kuilainisha. Na ile iliyokufa usiitupe. Ipeleke dukani ipimwe, upate iliyo sawa nayo.

Miche ya karafuu ikikosa maji hainywi udhuru. Shilingi chache za sili leo ni mikarafuu ya watoto wetu kesho, Inshallah.

Katibu