Umebadilisha Diski, Kompyuta Haiwaki: Langoni Ulipe Nini, na kwa Nani

Hakuna badiliko linaloipa laptopu kuukuu nguvu mpya kwa pesa kidogo kama kutoa diski inayozunguka na kuweka SSD. Badiliko hilo hilo ndilo huwaacha watu wakitazama skrini nyeusi yenye maneno “No bootable device”, wakidhani kazi zao zote zimepotea. Kwa mkaazi wa Langoni, kisiwani Lamu, kudhani vibaya kuna gharama ambayo mtu wa Mombasa haioni. Kifaa kikienda nje ya kisiwa hubebwa hadi gatini, huvuka kwa mashua hadi Mokowe, kisha hupanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi. Kipuri kisichofaa hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: anza na lisilo na gharama, na usifungue pochi kabla ya kujua kasoro iko wapi.

La kwanza ni kurudisha diski ya zamani mahali pake. Kompyuta ikiwaka kama kawaida, umeshajua kwamba madabodi, ram na skrini ni nzima, na tatizo liko kwenye diski mpya au namna Windows ilivyohamishiwa humo. Hapo fundi akikuambia madabodi imeungua, una haki ya kumwomba akuonyeshe. Isipowaka hata na diski ya zamani, huenda kuna waya au ram iliyolegea wakati wa kufungua, na kuzikaza upya ni kazi ya bisibisi na subira.

Kisha ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine unaotangulia Windows. Bonyeza F2, Del, Esc au F10 mara tu unapowasha. Kila kampuni ina kitufe chake. Unatafuta jambo moja: je, jina la diski mpya linaonekana? Jibu la swali hili ndilo linaloamua kama utanunua kitu au la.

Lisipoonekana, chomoa diski uichomeke tena. Likikataa bado, shuku aina yake. Hapa ndipo pesa za watu wa visiwani hupotea zaidi. Zile SSD nyembamba za M.2 hufanana kwa umbo, lakini nyingine hutumia SATA na nyingine NVMe, na kuna laptopu ambazo nafasi yake inapokea aina moja tu. Usitegemee kuhesabu mikato ya ukingoni. Soma lebo, kisha tafuta modeli kamili ya laptopu yako kwenye ukurasa wa kampuni iliyoitengeneza uone inakubali nini. Kama laptopu ilikuwa na diski ya inchi 2.5, SSD ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo chaguo salama kuliko yote, hata kama muuzaji anaisifu NVMe kwa kasi. Kasi usiyoweza kuitumia haina thamani, na kuirudisha dukani Mombasa kutakugharimu nauli na siku kadhaa za kazi.

Likionekana lakini kompyuta haiwaki, usinunue chochote. Kasoro iko kwenye mpangilio. Windows huhifadhi maagizo ya kuwaka katika sehemu ndogo ya pembeni, mara nyingi ya megabaiti 100 tu, isiyoonekana unapofungua mafaili. Anayenakili sehemu ya C peke yake huiacha sehemu hiyo kwenye diski ya zamani. Ukitoa ya zamani, mpya haina mlango wa kuingilia. Pengine diski ya zamani ilipangwa kwa mtindo wa MBR na BIOS ikiwa kwenye Legacy, ilhali sasa imehamia UEFI, au kinyume chake. Mtu akigusa pia chaguo la AHCI au RAID, Windows huanza kuwaka halafu ikaanguka. Na kwenye mashine za zamani usiisahau betri ndogo ya CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa na mipangilio ya BIOS hurudi ilivyotoka kiwandani. Tarehe ikirudi nyuma miaka mingi, umepata mtuhumiwa, na betri hiyo ni bei ya soda mbili tatu.

Kurekebisha maagizo ya kuwaka kunahitaji flashi ya GB 8 au zaidi yenye Windows, na programu ya kuitengeneza Microsoft huitoa bure. Gharama iko kwenye bando, kwa kuwa faili lake ni la gigabaiti kadhaa, na unahitaji kompyuta nyingine nzima ya kulipakulia. Hapa nampa kura fundi wa mtaani au mwenye saiba ambaye tayari ana flashi hiyo. Kumlipa ada ya kazi ni nafuu kuliko kununua bando na flashi utakayoitumia mara moja. Ila mwambie wazi unachotaka: kurekebisha kuwaka, si kupiga Windows upya.

Tofauti hiyo ni kubwa. Kupiga Windows upya ni rahisi kwa fundi, lakini hutokea akafuta diski ambayo bado ina picha, vitabu vya hesabu vya duka na kumbukumbu za madrasa. Pia usikubali kutozwa “leseni mpya” kwa sababu ya diski tu. Kwenye Windows 10 na 11 leseni ya kidijitali hufungamana zaidi na madabodi. Ukiweka toleo lile lile kwenye mashine ile ile na kuunganisha intaneti, kwa kawaida hujitambua yenyewe.

Kama una shilingi za kununua kitu kimoja tu, nunua waya wa kugeuza SATA kuwa USB, wala usikimbilie diski nyingine. Kwa makadirio yangu waya huo ni kati ya shilingi 800 na 1,500, na SSD ya GB 256 ilikuwa takriban 3,000 hadi 5,000 kabla ya bei za SSD kuanza kupanda mwishoni mwa 2025, kwa hiyo uliza upya kabla ya kutuma pesa. Kwa waya huo unaisoma diski ya zamani kwenye kompyuta ya jirani na kutoa mafaili yako kabla ya fundi yeyote kugusa kitu. Diski ikiomba ufunguo wa tarakimu 48, ni BitLocker. Baadhi ya laptopu hujifunga hivyo bila mwenyewe kujua. Ufunguo huo kwa kawaida huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeisanidi mashine. Utafute kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, maana usipopatikana hakuna fundi wa Langoni wala wa Nairobi atakayekufungulia.

Mombasa naipendekeza kwa mambo mawili. Moja ni kasoro ya madabodi iliyothibitishwa, kazi inayohitaji vifaa vya kuchomea vidogo sana. Jingine ni diski ya zamani inayogonga ndani. Ukisikia kugonga, zima, usiiwashe tena kujaribu bahati. Uokoaji wa mafaili ya namna hiyo unaweza kuzidi bei ya laptopu nzima, hivyo amua kwanza kama yaliyomo yanastahili. Ukiamua ndiyo, tuma diski peke yake, ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli na sponji pande zote. Laptopu ibaki nyumbani, mbali na maji ya chumvi ya mashuani.

Kununua laptopu nyingine iliyotumika, zile wanazoziita ex-UK, ni gharama kubwa kuliko vipuri hivi vyote. Nashauri hivyo pale tu mashine ya sasa ina madabodi mbovu, au prosesa yake haimo katika orodha ya Windows 11, ambayo kwa Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha 8, nawe unaitegemea kwa kazi za benki na kodi za KRA, zinazohitaji mfumo unaopata masasisho ya usalama. Kwa mwanafunzi anayeandika na kusoma, mashine ya kizazi cha zamani yenye SSD na Linux, ambayo ni bure, bado itamfaa kwa miaka.

Kabla ya kuiacha kompyuta kwa fundi, mwombe akutenganishie bei ya kipuri na ya kazi, na aandike kwenye risiti aina ya diski na muda wa dhamana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji, kwa hiyo huombi fadhila. Diski ya zamani aikabidhi mkononi mwako siku hiyo hiyo. Ni mali yako na ndiyo nakala yako ya akiba. Usiifute wala kuiuza mpaka mpya iwe imefanya kazi mwezi mzima na mafaili umeyafungua mwenyewe, moja baada ya jingine.