Nani analipia kisanduku kisicho na maneno?

Mwenye duka la vifaa vya shule na fotokopi huku Mbangala, wilayani Songwe, ana ukurasa mmoja anaoutoa kwenye droo kila anapoanza kulalamika. Una visanduku vinne. Kwenye cha kwanza mzee amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, na kijana amesimama mbele yake, kofia mkononi. Cha pili ni mikono ya kijana tu. Cha tatu ni jiko la mkaa na birika. Kwenye cha nne wote wawili wamekaa juu ya gunia moja, hawatazamani. Neno hakuna. Anasema wateja wake, wengi wao wachimbaji wadogo, walipofika hapo walirudisha kijitabu wakidai mashine imegoma na maandishi hayakutoka. Naye anauliza swali ambalo biashara nzima ya katuni nchini haijalijibu: hapo alilipia nini?

Kijitabu chenyewe ni kazi ya vijana wawili. Mmoja anaandika, na mchana anaendesha bodaboda. Mwenzake anachora, ingawa kinachomlisha hasa ni mabango ya saluni na maandishi ya kwenye bajaji. Mzee wa pichani ni mjomba mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Kijana ni mpwa wake, anayeshuka shimoni kwa mkopo: chakula, baruti, dawa, vyote vimeandikwa kwenye daftari la mjomba. Mpwa hawezi kumdai mjomba hesabu kama anavyomdai mtu baki, na mjomba hawezi kumfukuza mpwa bila dada yake kupata habari. Mwandishi alikuwa amejaza ukurasa huo viputo kumi na moja, kila mtu akitoa ya moyoni. Mchoraji akavifuta vyote. Hoja yake, kama wote wawili wanavyoisimulia sasa, ni kwamba hakuna mpwa wa huku anayemwambia mjomba maneno yale. Na angeyasema, mkasa ungekwisha ukurasa wa tatu.

Kwa maoni yangu mchoraji alikuwa sahihi. Nimeuangalia ukurasa ule mara nyingi kuliko nilivyopanga, na lile gunia moja linaeleza undugu na deni kwa pamoja, jambo ambalo viputo kumi na moja visingeweza. Lakini makala haya ni ya uchumi, na mwenye duka hakunipa kiti ili nimsifie mchoraji.

Hesabu zake ziko kwenye kaunta buku. Karatasi nne za A4 zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Fotokopi kwa mteja wa kawaida dukani kwake ni shilingi 100 kwa upande, hivyo pande nane ni shilingi 800. Kijitabu anakiuza 1,000. Anakiri kwamba mashine ni yake na gharama halisi ya karatasi na wino haifiki hiyo 800, ila kiasi hasa hakitaji. Nilipomsogezea kikokotoo aligeuka kumhudumia mtoto aliyekuja kununua kifutio. Chochote kinachobaki ndicho wanachogawana watu watatu.

Na mgawo, huku, tayari una lugha yake. Machimboni mawe yakitoka, mwenye leseni ana viroba vyake, mwenye duara ana vyake, wachimbaji wana vyao. Mwenye duka amejipa nafasi ya mwenye leseni. Mchoraji anajiona mwenye duara, kwa kuwa kalamu, meza na macho yanayouma usiku ni vyake. Mwandishi anaambiwa yeye ni mchimbaji, alipwe kwa alichotoa, maana yake kwa maneno. Ukurasa wa viputo kumi na moja una kitu cha kuhesabu. Usio na kiputo, mwandishi hakufanya kazi siku hiyo.

Mwandishi anaipinga hesabu hiyo kwa hasira ya mtu aliyekwisha kuirudia mara nyingi. Anasema yeye ndiye aliyejua kwamba mpwa lazima asimame na kofia mkononi. Yeye ndiye aliyeamua dada mtu asionekane mpaka ukurasa wa kumi na mbili, na ukimya ule aliuandaa kwa kurasa sita, ili msomaji akifika pale awe anajua kila kinachozuiwa kisisemwe. Mwenye duka hoja hiyo anaiita falsafa. Fundi ujenzi, anasema, hamlipi kwa tofali ambalo hakuliweka.

Malalamiko yake hayaishii hapo. Anadai kijitabu kimoja kikinunuliwa kinasomwa na kambi nzima, na kabla ya jioni kimeshapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Anadai vijana wanachelewesha kazi kwa kubishana kama mjomba atazame chini au pembeni, wakati wateja wanataka kujua nani atakufa. Anadai vilevile kwamba ugomvi wa waziwazi, wenye ngumi na matusi, unauzika kuliko huu wa watu wanaoheshimiana. La kwanza linaaminika bila ushahidi. La mwisho sina hakika nalo, kwa sababu vijitabu vya ngumi navyo niliviona kwenye rafu yake, vimepauka kwa jua.

Tabia ya kuhesabu maneno ina historia. Katuni za Kiswahili zilizokuzwa na magazeti zilikuwa, mara nyingi, kazi ya mtu mmoja: yeye mtunzi, yeye mchoraji. Juha Kalulu wa Taifa Leo kule Kenya alichorwa na mkono uleule kwa miongo kadhaa. Chakubanga alipatia umaarufu kwenye gazeti la Uhuru. Kisha miaka ya 1970 likaja jarida la Sani, na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wakawa watu wa kila kijiwe. Angalia majina hayo. Ndumilakuwili ukishamsikia anavyoitwa unajua yeyote atakayesimama karibu naye ataumwa. Lodi Lofa ni lofa anayejifanya lodi, basi. Uhusiano umeshafungashwa ndani ya jina, na kwa nafasi ndogo ya gazetini huo ulikuwa ufundi mkubwa. Mchoraji hakuhitaji mtu wa pili wa kumwambia mhusika anajisikiaje.

Vijana wa leo wamelelewa na kitu kingine. Katuni za Kijapani wamezipata kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo na muvi, ndani ya memori kadi, na wachache wamesoma kurasa zake kwenye simu, wakizianza kulia kwenda kushoto. Huko kugawana kazi ni desturi ya zamani: mmoja anatunga, mwingine anachora. Mtunzi, au mchoraji mwenyewe, kwanza anatoa rasimu inayoitwa nemu, yenye visanduku, maneno na michoro ya haraka haraka, na mhariri anaipitia kabla wino haujashika karatasi. Mhariri huyo ni kama mshenga. Death Note, iliyochapwa kwa mfululizo kuanzia 2003 hadi 2006 na kukusanywa katika juzuu 12, ilitoka kwa mtunzi na mchoraji ambao walikutana kwa nadra. Mawasiliano yao mengi yalipitia kwa mhariri. Hata hivyo ndani yake mmepita uhusiano mgumu kweli, wa mwindaji na mwindwa wanaokaa meza moja, kila mmoja akimjua mwenzake kuliko ndugu.

Mfano unaomhusu zaidi mjomba wetu na mpwa wake ni wa zamani zaidi: Kozure Okami, ya 1970 hadi 1976, juzuu 28, kurasa zaidi ya 8,000. Ni habari ya baba muuaji wa kukodiwa na mwanawe mdogo anayemsukuma kwenye kigari. Kuna kurasa nyingi humo ambazo baba na mwana hawasemi kitu, na msomaji hachoki. Mtunzi wake hakuhesabiwa maneno. Kwa kawaida kule mrabaha wa kitabu ni takriban asilimia 10 ya bei ya jalada, na wawili wanagawana kwa makubaliano, uwe ukurasa una kelele au umenyamaza. Lakini hiyo ni nchi ambayo jarida moja la katuni la kila wiki, katikati ya miaka ya 1990, liliwahi kuuza nakala zaidi ya milioni sita kwa toleo moja. Asilimia 10 ya kijitabu cha shilingi 1,000 ni shilingi 100, na wakigawana nusu kwa nusu kila mmoja anapata 50.

Ofisa mmoja anayeshughulika na vijana mkoani, aliyeomba asitajwe, haoni tatizo. Alinipa takwimu moja na akairudia mara tatu: asilimia 4. Hilo ni fungu la vijana katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kuikopesha bila riba. Wanawake wana 4 nyingine na wenye ulemavu 2. Fursa ipo, alisema, vijana wachangamke. Takwimu ni ya kweli. Hakugusia kwamba mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, wala kwamba inatolewa kwa kikundi, na kikundi cha vijana ni watu wasiopungua watano. Mtunzi na mchoraji ni wawili. Ofisa alishauri watafute wengine watatu. Nilipouliza hao watatu watafanya nini, alijibu kwamba wanaweza kupaka rangi. Vijitabu vyenyewe vinatolewa kwa fotokopi nyeusi na nyeupe.

Alitaja pia Shujaaz, katuni ya Kenya iliyoanza mwaka 2010, ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na tena 2014, na baadaye ikavuka hadi Tanzania, kama uthibitisho kwamba katuni zinalipa. Kwa kazi, mfano huo ni mzuri: kuna timu ya waandishi na wachoraji, wahusika wana marafiki wanaowaficha mambo na wazazi wasiowaelewa, na yote yanasomeka usoni. Kwa biashara ni mfano wa kupotosha. Gazeti lile lilikuwa likigawiwa bure na gharama zake zikibebwa na wafadhili. Msomaji hajawahi kuulizwa kama angetoa shilingi yake. Na anayetaka kuhamia mtandaoni anakumbuka kanuni za maudhui za mwaka 2018, ambazo ada zake za leseni zilikuwa takriban shilingi milioni mbili. Mchora mabango wa Mbangala hakuwa na haja ya kusoma zaidi ya ukurasa wa kwanza wa kanuni hizo.

Habari pekee iliyonishangaza niliipata mpakani Tunduma. Muuza magazeti na vocha karibu na foleni ya malori anasema nakala chache za kijitabu kilekile alizopewa zilitoka haraka kuliko alivyotarajia, na waliozichukua ni madereva wa ng'ambo, wa Zambia na wa Kongo. Wa Zambia Kiswahili chao ni cha kununulia chakula. Wa kutoka Kongo wanakizungumza vizuri, ila si wote wanaopenda kukisoma. Ukurasa wa mjomba na mpwa, anasema, ndio waliokuwa wakionyeshana. Kila mmoja alikuwa na mjomba wake wa kumtaja. Mmoja alilipa kwa kwacha na hakusubiri chenji.

Hili nalipokea kwa tahadhari. Ni neno la muuzaji mmoja mwenye nakala zisizozidi za kushikwa kwa mkono mmoja, na dereva aliyekwama mpakani hununua chochote cha kumpotezea muda. Lakini kama kuna ukweli ndani yake, basi kile ambacho Mbangala kinahesabiwa kuwa wino ulioisha, kule Tunduma ndicho kinachovuka mpaka bila mkalimani. Mwenye duka nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule wa Tunduma amemlipa mtu kwa nakala hizo. Hajamlipa.

Mwelekeo wa biashara hii, kwa hiyo, siwezi kuusema kwa uhakika. Karatasi haishuki bei, na simu zinazopiga picha kurasa hazipungui. Soko la mpakani huenda lipo, huenda ni bahati ya wiki moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiwasumbui sana wawili hawa ingawa inawapa zaidi ya wanavyodhani: kazi ya waandishi wa pamoja inalindwa hadi miaka 50 baada ya kifo cha wa mwisho wao, wala sheria haitofautishi ukurasa wenye maneno na usio nayo. Isichofanya ni kuwagawia. Hilo linatakiwa liandikwe na wao wenyewe, na kati yao, na kati yao na mwenye duka, hakuna karatasi yoyote iliyosainiwa.

Kijitabu cha pili kimeshaandikwa kurasa tisa. Mchoraji hajaanza. Ukurasa wa saba, mpwa anaokota daftari la madeni lililolowa mvua na kulirudisha mezani kwa mjomba bila kusema kitu, na mwandishi na mchoraji wanasubiri mwenye duka aseme kama ukurasa huo ataulipia.