Kuchagua Zana ya Kufungasha Kurasa za Mafunzo

Mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hufikiria kwanza ubao, chaki na chati. Siku hizi wapo pia wanaotengeneza kurasa za mazoezi ya hesabu au kusoma, zinazofunguliwa kwa simu ya mzazi. Katika makala hii tutaeleza namna ya kuchagua zana ya kufungasha sehemu za kurasa hizo.

Tuanze na mfano tunaoujua. Mchuuzi anunuapo dagaa Musoma ili awauze Bunda na Butiama, hawapeleki kisado kimoja kimoja, maana kila safari ina nauli yake. Huwatia wote guniani. Lakini kwanza huwapepeta, kwa kuwa dagaa walioanikwa mchangani hubeba mchanga, nao mchanga hulipiwa nauli. Tena, mnunuzi wa Butiama atakaye kibaba kimoja halazimishwi kuchukua gunia zima.

Ukurasa wa wavuti ni vivyo hivyo. Una mafaili ya maandishi, ya mapambo, na ya JavaScript yanayouwezesha kusahihisha majibu. Kila faili huombwa kutoka seva. Zana ya kufungasha huyakusanya mafaili hayo, huondoa msimbo usiotumika, na huweza kuugawa uliobaki ili kila somo lipakuliwe linapohitajika.

Zana zenyewe ni nyingi. webpack, iliyotoka mwaka 2012, ina uwezo mkubwa, lakini maelekezo yake huweza kuwa marefu na magumu. Rollup (2015) ilipata sifa kwa kupepeta msimbo usiotumika. Parcel (2017) hutaka maelekezo machache. Mwaka 2020 zilitoka esbuild, ifungashayo kwa kasi kubwa, na Vite, imwonyeshayo mtengenezaji mabadiliko yake papo hapo, kabla ya kufungasha.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Kasi hiyo humfaa mtengenezaji, mwanafunzi haioni. Yeye huona uzito wa furushi lililofika kwenye simu. Mzazi amenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha yake. Kikiisha kabla ya zoezi la pili, somo limekatika, na mtoto aweza kudhani kosa ni lake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, mwalimu ajiulize:

1. Je, zana inahitajika? Ukurasa mdogo wenye mafaili mawili au matatu waweza kuachwa kama ulivyo.

2. Je, furushi lina uzito gani? Vivinjari vingi vya kompyuta huonyesha uzito wa kila faili, na vingine huweza kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi ya majaribio.

3. Je, mwalimu atakayetupokea kazi ataelewa maelekezo yake bila sisi kuwapo?

Baada ya hapo, ukurasa ujaribiwe kwa simu ya bei nafuu, mahali penye mtandao hafifu. Zana itakayofaulu jaribio hilo ndiyo ichaguliwe, hata kama si mpya wala si mashuhuri.