Mti wa Tufaha Katika Joto la Kitui

Wakulima wa Kitui na Makueni wamekwisha kuona jinsi mwembe na mchungwa unavyostawi katika nchi yao, na sasa wengine huuliza kama mti wa tufaha nao waweza kuzaa huko. Swali hili ni la maana, kwani matufaha mengi yauzwayo Nairobi hutoka Afrika Kusini, na bei yake si ndogo. Lakini miche yake pia ni ghali, na wako wachuuzi wanaoisifu kupita kiasi. Yafaa basi mkulima aujue mti huu kabla ya kutoa fedha zake.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Watu wa pwani wana mtufaha wao, wenye tunda jekundu lililojaa maji. Huo ni mti wa nchi za joto, wala hauhusiani na habari hizi. Tufaha tunalolieleza hapa ni lile la nchi za baridi, ambalo wengi sokoni huliita epo.

Kwa nini mti hukataa kuzaa

Asili ya mti huu ni milima ya Asia ya Kati. Huko baridi huwa kali, na mti hupukutisha majani yake ukalala. Machipukizi ya maua hayaamki mpaka yapate saa nyingi za baridi iliyo chini ya digrii 7 za Sentigredi. Aina nyingi za Ulaya huhitaji saa 1,000 hivi za baridi kila mwaka. Baridi ya namna hiyo haifiki mji wa Kitui, ulio kiasi cha futi 3,800 juu ya bahari, hata mwezi wa Julai.

Kwa hiyo shida kubwa ya mti huu katika nchi ya joto ni kukosa usingizi. Majani hutoka kwenye ncha za matawi tu, maua huchanua moja moja kwa nyakati zisizolingana, na mwenye shamba hupata matunda ya kuhesabika kwa vidole.

Dawa mbili zilizopatikana

Dawa ya kwanza ni kuchagua aina isiyodai baridi nyingi. Katika karne ya 20 wakulima wa Israel walipata aina iitwayo Anna, inayotosheka na saa 300 au chini yake. Katika visiwa vya Bahamas ikapatikana nyingine, Dorsett Golden, ambayo huhitaji chache zaidi. Aina hizi mbili hupandwa pamoja, kwa sababu Anna huzaa vizuri ikipata chavua ya mti wa aina nyingine unaochanua wakati mmoja nayo. Nyuki ndio wachukuzi wa chavua hiyo, na Ukambani ni nchi ya mizinga.

Dawa ya pili yatoka Batu, mashariki ya kisiwa cha Java, mahali palipo futi 3,000 hivi juu ya bahari na pasipo majira ya baridi. Wakulima wa huko, baada ya kuvuna, hungoja majuma machache, kisha huyapukusa majani yote ya mti kwa mikono. Tena huyainamisha matawi na kuyafunga kwa kamba yalale upande. Mti hudanganyika kama kwamba baridi imepita, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoa maua kwa pamoja. Kwa njia hii wengine huvuna mara mbili kwa mwaka.

Mkulima wa Kitui hana budi kutumia dawa zote mbili. Wakati unaofaa kupukusa majani ni Julai, hali ya hewa ikiwa ya ubaridi na ukavu. Apunguze maji mwezi wa Juni, na majani yakiisha kutolewa amwagilie vizuri. Wale wa vilima vya Mbooni na Kilungu, kwenye hewa baridi zaidi, wana matumaini makubwa kuliko wa nchi ya chini.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Mti uliopukuswa Julai hukuza matunda yake Septemba na Oktoba, wakati jua ni kali na mvua ya Novemba haijafika. Mti mchanga waweza kuishi kwa mitungi miwili ya lita 20 kwa juma, lakini mti mkubwa wenye matunda huhitaji kama mtungi mmoja kila siku. Basi miti kumi hutaka mitungi kumi kwa siku. Punda mmoja hubeba mitungi minne. Mkulima ajiulize ni nani atakayekwenda safari hizo mtoni, na kama maji ya watoto na ya mifugo hayatapungua. Aliye karibu na bwawa la mchanga ana nafasi nzuri. Aliye mbali na apande miti miwili au mitatu tu.

Namna ya kupanda

Usipande mbegu ya tufaha ulilokula, maana mti wake haufanani na mama yake. Nunua mche uliopandikizwa, kama ule wa mwembe, na uulize jina la shina la chini. Shina liitwalo MM.111 huvumilia ukame. Chimba shimo la futi mbili kila upande, ukachanganye udongo na samadi iliyooza. Acha futi 12 baina ya miti. Tandaza majani makavu juu ya udongo, lakini yasiguse shina, kwa ajili ya mchwa. Paka shina chokaa nyeupe ili gome lisiungue kwa jua.

Kinywaji cha tufaha

Huko Uingereza na Ufaransa matufaha husagwa, yakakamuliwa, na maji yake yakachachishwa kuwa pombe. Kilo 100 za matunda hutoa lita 50 au 60. Hamira hula sukari ikatoa kileo na hewa. Kwa hiyo chombo kilichozibwa kabisa chaweza kupasuka. Hewa ya nje nayo ikiingia, pombe hugeuka siki, ambayo pia ina soko lake. Aliyezoea kuchachisha asali kwa muratina ataifahamu kazi hii upesi. Joto likizidi pombe huharibika ladha, kwa hiyo chombo kiwekwe penye baridi. Lakini mtu asitengeneze ya kuuza bila leseni, kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010.

Shauri letu ni hili: panda miti mitatu, Anna miwili na Dorsett Golden mmoja, karibu na maji. Ingoje miaka mitatu, uandike tarehe za maua na hesabu ya matunda, ukamwonyeshe Bwana Shamba. Ikizaa vizuri, utaongeza kwa kadiri ya maji yako. Isipozaa, utakuwa umepoteza miche mitatu tu, na miembe yako bado ipo.