Kuhama na Kuhamishwa

Mimi mwanafunzi wa lugha kutoka Kasindi, msemo "wafugaji wa kuhamahama" unanitatiza. Kurudia shina huonyesha tendo la mara kwa mara, pengine lisilo na mwelekeo, kama tangatanga. Lakini tuwatazame Wasongora, wafugaji wa ng'ombe wa Kasese, ng'ambo ya mpaka wetu. Sehemu ya malisho yao iliingizwa katika mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa 1952. Baadaye baadhi yao waliswaga ng'ombe hadi Virunga, huku Kongo. Mwaka 2006 wakafukuzwa, wakarudi Uganda. Hapo kitenzi sahihi ni "kuhamishwa": kiambishi -ish- kinadai aliyesababisha. "Kuhamahama" kunamficha, na swali la malisho linakosa wa kulijibu.