Akina Mama, Tutembee Pamoja Mjini

Leo tunazungumza na akina mama, na wote wanaolea watoto au kutunza wagonjwa nyumbani, kuhusu kutembea kwa kikundi.

Kuna mama atakayesema, "Mimi sikai kitako tangu alfajiri, matembezi ya nini tena?" Ni kweli, kuteka maji na kulima ni mazoezi tosha. Lakini kuketi juu ya mbuzi ukikuna nazi, au kushona kofia mchana kutwa, kunachosha mgongo bila kuufanyisha moyo kazi. Moyo unataka mwendo wa haraka kidogo: uweze kuongea na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikatike. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kama huo kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili kwa akina mama? Kwa sababu ya presha. Presha haiumi. Mama anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kujua, hadi siku anapopooza upande mmoja. Na ikiwa ulipanda presha ukiwa mjamzito, usidhani yaliisha ulipojifungua. Uko katika hatari zaidi ya kuipata tena baadaye. Kapimwe hata kama wajihisi mzima. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, muone daktari. Kutembea husaidia kuishusha, lakini dawa ulizoandikiwa usiziache.

Sasa, kwa nini kikundi? Ukiwa peke yako, mvua kidogo tu, umeghairi. Wenzako wakikungoja mlangoni, utatoka. Chama chenu tayari kina siku ya kukutana. Tembeeni kwanza, hesabu za pesa zifuate.

Tuchukue mfano wa Lamu, mji uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wazee walijenga nyumba ndefu za mawe, na vichochoro vyembamba visivyopitika kwa gari, kwa hivyo kivuli kipo. Miezi ya Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, hakuna joto la kuchosha. Anzeni mapema asubuhi, au baada ya alasiri. Kutaneni mbele ya Ngome, iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821 na ambayo ilikuwa gereza hadi 1984. Pitieni Usita wa Mui, kisha mteremke hadi ufuoni. Aliyechoka ataketi kwenye baraza za mawe nje ya nyumba. Hapo pia ndipo bibi atawasimulia watoto nani aliishi wapi. Punda wa mizigo akija, egemeeni ukutani, maana yeye hapishi mtu.

Mkizoea, nendeni hadi Shela, kilomita tatu hivi kando ya bahari. Wageni wa mazoezi warudi kwa boti, hakuna aibu. Beba maji, na vaa viatu vilivyofunga mguu. Mwenye kisukari asitembee pekupeku hata mchangani, na akifika nyumbani akague nyayo, kwani anaweza kukatwa na kombe asisikie.

Uliyejifungua juzi, anza polepole karibu na nyumba. Kama ulipasuliwa, safari ndefu zingoje mpaka daktari akukague kidonda. Wakati wa ujauzito, na katika wiki sita baada ya kujifungua, ukipata kichwa kikali, macho kuona ukungu, uso kuvimba au maumivu chini ya mbavu, hilo si la kupumzikia barazani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na yeyote anayebanwa na kifua au kuona kizunguzungu njiani, kikundi kizima kisimame na apelekwe kwenye matibabu.

Msikilizaji wa Nakuru au Kitui, hata mtaa wako una njia ya kuzunguka nusu saa. Muulize mhudumu wa afya ya jamii siku ambayo atapima presha karibu nawe, na kikundi kianzie hapo.