Majibu ya Mtihani Hayauzwi

Wiki hii alinijia jirani yangu hapa Nyakato, karani wa hesabu. Anaomba kusomea shahada ya uzamili ya biashara ng'ambo, na chuo kinadai mtihani wa GMAT. Mtu fulani amemwahidi "majibu" kwa fedha, naye alikuwa tayari kuuza baiskeli.

Nilimwambia aiache baiskeli. Mtihani huo hufanywa kwa kompyuta, nayo humpa kila mtahiniwa maswali kulingana na anavyojibu. Ukipatia, linalofuata huwa gumu zaidi. Sasa majibu ya mwenzio yatakufaa nini?

Tangu 2024 maswali ni 64: hesabu 21, lugha 23, uchambuzi wa takwimu 20. Kila sehemu ina dakika 45. Kwenye hesabu hakuna kikokotoo, na swali lililoachwa wazi hupunguza alama. Kwa hiyo dawa ni mazoezi ya kila jioni, saa ikiwa mbele yako. Matokeo hutumika miaka 5, basi usikurupuke.

Jirani aliondoka na saa yangu ya mezani. Nami naingoja irudi na habari njema. Tukutane wiki ijayo.